Wakamwana wa Ngonga

17 Februari, Ikolo

311.

Hiyo ni idadi ya waliokwisha kuinukuu makala yangu ya kifafa cha Ngonga mpaka saa nne asubuhi ya leo, nilipokuwa nimesimama kwenye tuta la barabara na mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Kwa mama mtandao hauingii, na umeme ukikatika mnara nao unazimika. Kila nikitaka kujua natembea robo saa hadi barabarani. Nimefika jana tu na nimeshakwenda mara tatu.

Daftari ni jipya, basi nijitambulishe kwalo. Mimi ni Doreen Mwasambili, mwalimu wa chuo kikuu, kazi yangu kuchunguza ubongo. Nina miaka arobaini na tatu, makala tisa, na nukuu 468 kwa jumla. Kati ya hizo 468, makala moja peke yake ndiyo yenye 311. Tarehe 30 Aprili ni mwisho wa kupeleka maombi ya Uprofesa Mshiriki na nafasi ni moja. Nimeshanyimwa mara mbili. Mara ya kwanza waliniambia makala hazitoshi. Mara ya pili zikatosha, ila hazinukuliwi. Sasa zinanukuliwa, na nikinyimwa tena sijui nitawatazamaje wanafunzi wangu wa zamani ambao wameshanipita.

Makala yenyewe inasema hivi. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimfikia mtu, minyoo wake wachanga huenda kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hilo lilijulikana zamani. Ila mimi kwenye kata ya Ngonga, jirani na hapa Ikolo, nilikuta wanawake wenye kifafa ni robo tu ya wanaume, na wote wanakula chungu kimoja na kunywa maji mamoja. Nikaandika kwamba huenda homoni za kike zinaukinga ubongo. Dunia ikaipenda. Kuna maabara huko Ulaya wanawadunga panya sindano za homoni kwa sababu yangu.

Hesabu ile niliifanya miaka minane iliyopita. Nimekuja kwa msimu mzima kuirudia katika kaya zile zile, nipate makala ya pili ya kuiegemeza ya kwanza. Mvua inanyesha tangu niliposhuka kwenye basi.

19 Februari

311. Mvua. Mbu.

22 Februari

Dickson amekuja. Miaka ile alinisaidia kujaza madodoso, kijana aliyemaliza shule na hana kazi. Sasa ni tabibu wa zahanati, ana kitambi, na bado anacheka kabla hajasema. "Ugonile, daktari." Nikaitikia salamu, ndaga. Tumekubaliana tufanye kama zamani: tunafika, tunamwomba mkuu wa kaya, yeye anawaita watu wake uani, tunauliza. Kaya mia moja na ishirini.

Wakati wa chakula, ndizi na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, mama akaniuliza, "Hao mia tatu wanaokutaja, unawajua?"

"Siwajui, mama."

"Wanakutaja kwa heri?"

"Ndiyo kazi yenyewe. Ukitajwa sana unapanda cheo."

"Mimi nikitajwa na watu mia tatu nisiowajua, silali." Akanichagulia usipa mkubwa. "Na katika mia tatu hao hakuna hata mgane mmoja mwenye shamba?"

Nimecheka mpaka nikapaliwa. Halafu nikajilaza nikihesabu, sikulala.

26 Februari

312! Mreno. Nimeruka kwenye tope barabarani peke yangu na watu wa baiskeli wamenitazama.

3 Machi

Godwin amenipigia. Ofisi yake na yangu zimepakana, na ni mtu wa kuleta habari hata zisizoombwa. Anasema yule mwenzangu wa magonjwa ya damu naye ameomba nafasi ile ile, na ana nukuu 520. Nimesimama juani baada ya mvua nikitafuta makala zake moja moja kwenye simu, nyingine ni za watu kumi na wanane pamoja, yeye jina la kumi na nne. Nimemchukia mtu asiyenikosea kitu. Jioni nimemfokea mama kwa sababu ya kifuniko cha sufuria.

8 Machi

Leo tulikuwa Ngonga, kaya namba 47, kwa mzee Aliko. Ni mzee wa kanisa, aliwahi kufanya biashara ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, kwa hiyo hukukaribisha kwa Kiingereza kidogo kabla ya kurudi kwenye Kiswahili. Ua umefagiwa, viti vimepangwa. Akawaita wanawe watatu, mkewe na wajukuu. Tukamaliza kwa nusu saa na nikawa nimeridhika.

Tulikuwa tunarudi kwenye tuta katikati ya majaruba, na mbele yetu alikuwepo mwanamke na beseni la ndizi kichwani. Nyuma kengele ya baiskeli ikalia. Ni mzee Aliko, anatukimbiza na mapapai aliyosahau kutugawia. Yule mwanamke hakugeuka. Alishuka tutani, akaingia kwenye maji mpaka magotini, akachuchumaa nyuma ya mpunga, akatugeuzia mgongo na kujifunika kanga kichwani. Mzee alipita akiangalia upande wa pili. Akatukabidhi mapapai, akaongea nasi habari za bei ya kakao labda dakika tano, akageuza. Muda wote huo mwanamke yumo majini na Dickson anaendelea na mazungumzo tu.

"Huyo nani?" nikamuuliza mzee alipokwenda.

"Mkamwana wake. Angetile, mke wa mwanawe Anyisile."

"Mbona uani hakuwepo?"

Dickson alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini samaki hapandi mti. "Angekuwepoje, daktari, na mzee yupo?"

Angetile alipoinuka, maji yakimchuruzika, niliuona mkono wake wa kushoto. Una kovu la moto kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Makovu ya namna hiyo nimeyaona wodini zaidi ya mara mia. Ni ya watu wanaoangukia jikoni.

Dodoso la kaya 47 liko kwenye begi langu. Kwenye mstari wa mkamwana tumeandika leo, kwa mwandiko wangu: mzima.

9 Machi, Jumapili

Baada ya ibada nimemuuliza mama. Alikuwa anageuza kakao kwenye mkeka na hakuacha kugeuza.

"Si ukutila tu," akasema. "Mkamwana hakutani na baba mkwe. Akija huku, wewe unapita kule. Wewe hujui hayo?"

"Najua. Nilidhani yamekwisha."

"Yamekwisha huko Dar es Salaam. Hapa wamelegeza. Wengine wanasalimiana kwa mbali, wengine wanakaa kanisa moja. Lakini mwenye kuanguka atalegeza vipi? Mtu akianguka anajua nguo itakavyokaa? Afunuke mbele ya baba mkwe wake? Huyo atakaa migombani mpaka azeeke."

"Mumewe anajua?"

"Mume anajua. Mama mkwe anajua. Wanawake wote wanajua." Akaokota punje iliyooza, akaitupa kwa kuku. "Nyie ndio hamjui."

Sijawahi kuwa mkamwana wa mtu. Nilikwenda bweni nikiwa na miaka kumi na tatu, na baba yangu alikufa bila kumpokea mkwe wowote kwa upande wangu. Ukutila kwangu ilikuwa hadithi za bibi. Mimi, Mnyakyusa, mwana wa Ikolo, niliwaweka wazee wa watu kwenye viti katikati ya ua halafu nikawauliza wao habari za wakamwana.

10 Machi

313. Sikufurahi.

12 Machi

Mama aliniambia nisiende na Dickson na nisiende na kalamu. Nikachukua jembe la mkono na kwenda Ngonga kupalilia kwenye jaruba la Angetile. Hakuniuliza nimetumwa na nani. Alinionyesha mstari wangu, tukainama. Kufika saa nne mgongo ulikuwa si wangu. Wenzake wawili walinicheka kwa Kinyakyusa wakidhani nimesahau lugha. Nikawajibu kwa Kinyakyusa, wakacheka zaidi, na baada ya hapo mambo yakawa mepesi.

Tulipoketi kula mihogo, Angetile akasema, "Dada, si wewe ndiye wa dodoso?"

"Ndiye mimi."

"Miaka ile mlipokuja nilikuwa nyuma ya jiko. Nilikusikia. Ulikuwa mwembamba, hata sauti."

"Ulisikia nikiuliza nini?"

"Uliuliza, kwenye kaya hii nani anaanguka. Baba akasema hakuna." Akamenya muhogo. "Wala hakudanganya. Hajawahi kuniona nikianguka. Nimehakikisha."

Anaanguka mara moja kwa mwezi, mara nyingine mbili. Alianza mwaka wa pili wa ndoa. Mkono uliungua siku ya kupika chakula cha msiba. Nikamuuliza kama wako wengine. Akanyoosha kidevu kwa yule wa kulia, halafu kwa yule wa kushoto.

Watatu kwenye jaruba moja. Kwenye makala yangu, Ngonga nzima, kata nzima, nina wanawake sita.

13 Machi

Madodoso ya zamani yako kwenye stoo ya mama, kwenye sanduku la bati, kwa sababu sheria ya chuo ni kuyatunza miaka kumi na mimi sikuwa na pa kuyaweka. Nimeyatoa yote na kuyapanga kitandani. Kuna safu inayoitwa Aliyejibu. Niliitunga mwenyewe na nilijisifu nayo mbele ya wahakiki, kwamba dodoso langu ni makini. Sikuwahi kuijumlisha.

Leo nimeijumlisha. Wanawake watu wazima 214. Waliosemewa na mtu mwingine, 171. Karibu wote wamesemewa na mkuu wa kaya.

Panya wa watu wanadungwa sindano huko kwa ajili ya wanawake waliokuwa wamejificha migombani. Naona aibu. Naandika mara ya pili ili kesho nisijifanye sikuandika. Naona aibu.

14 Machi

Mvua. Sikwenda barabarani.

16 Machi

Nilikwenda. 314.

20 Machi

Nimemweleza Godwin yote. Nilitaka anikemee. Badala yake akaniuliza nani mwingine anajua.

"Mimi, mama, na wapalizi watatu."

"Basi hakuna anayejua," akasema. "Doreen, sikiliza. Kila makala ina mapungufu. Peleka maombi, pata cheo, halafu mwakani andika makala mpya ya kusahihisha ile. Hiyo nayo itanukuliwa. Unapata mbili kwa moja."

Nilimwambia ana akili ya kuuza viazi. Nikakata simu. Halafu nimetembea mpaka nyumbani nikiipanga ile makala ya mwakani kichwani, na ilipangika vizuri sana. Hilo ndilo linalonikera. Ilikuwa na kichwa tayari kabla sijafika getini.

29 Machi

Siku ya tano mto umefurika na njia ya Ngonga imekatika. Nimefungiwa ndani na mama na kuku tisa. Nafungua kompyuta, nafunga. Nafungua fomu ya maombi, najaza jina, nafunga. Nimeosha vyombo visivyo vichafu. Mama amelala mchana kutwa, anasema ni uchovu wa palizi.

30 Machi

Hivyo hivyo.

4 Aprili

Maji yamepungua jana. Leo nimekwenda mpaka zahanati kumtafuta Dickson, kwa sababu kuna jambo Angetile aliligusa nikaliacha. Alisema, "Wale waliopata dawa walikuwa wanaume."

Dickson alinipisha kiti. Nikamuuliza mradi ulioleta hizo dawa za kifafa ulikuja lini. Akasema mwaka mmoja baada ya makala, nao ndio waliompa kazi yake ya kwanza hapo zahanati. Dawa za Ngonga zilihesabiwa vipi? Hapo akaacha kucheka.

"Kwa hesabu yako, daktari. Waliingia na makala yako mkononi, imepigwa mstari wa rangi. Wanaume ishirini na wanne, wanawake sita. Dawa zikaja za watu thelathini."

"Na wanawake wengine?"

"Walikuja. Kwa kujificha, asubuhi sana, wengine wanapita nyuma. Mimi nawaambia dawa ni za walioandikwa, subirini awamu nyingine." Akawa anapangusa meza isiyo na kitu. "Awamu nyingine haikuja."

Nikamuuliza kwa nini hakuniandikia. Nikapandisha sauti, na wagonjwa walikuwa nje kwenye benchi. Nikamwambia ni yeye aliyejaza mzima, mzima, mzima, karatasi baada ya karatasi, na yeye ana mke na mke wake ni mkamwana wa watu, alijua.

"Nilikuuliza," akasema. Hakupandisha sauti. "Siku ya kwanza kabisa, kwenye kaya ya pili. Nilikuuliza, wakamwana tuwafuate huko nyuma? Ukasema hatuna muda, jibu la mkuu wa kaya linatosha. Wewe ulitoka chuo kikuu. Mimi nilikuwa natafuta kazi."

Nakumbuka. Nisingeapa mahakamani, lakini nakumbuka nilikuwa na siku kumi na mbili tu na gari la kukodi.

Akaendelea. Akaniambia habari za Anyosisye wa kaya 62. Alikuja zahanati mara mbili. Mara ya pili alikuja na mama mkwe wake, ambaye alipiga magoti. Dickson akawaambia wasubiri. Mwezi wa tatu wa mwaka ule Anyosisye akawa peke yake kwenye mpunga, akaanguka kifudifudi. Maji yalikuwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Walimkuta saa tisa. Aliacha watoto wawili.

Watu watasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini yeye aliyafichua mara mbili. Sisi ndio tuliokuwa na karatasi inayosema hana.

Nimerudi kwa mguu njia yote. Nimelifungua sanduku la bati. Kaya 62, mkamwana, umri 23, mzima. Aliyejibu: mkuu wa kaya. Pembeni kuna alama yangu ya kalamu nyekundu, maana yake nimehakiki.

5 Aprili

Sikutoka kitandani.

9 Aprili

315. Mtu wa Korea. Anashukuru matokeo yetu ya kusisimua.

13 Aprili, Jumapili ya Matawi

Nimemweleza mama. Alikuwa na kuti la ibada bado mkononi, anapunga nzi.

"Ukisema, watakunyima?"

"Wataninyima. Wanaweza hata kuniweka kitimoto."

"Na usiposema?"

"Huenda wakanipa."

Nilingoja aniambie cha kufanya, mimi mwenye miaka arobaini na tatu. Akasema, "Nilikuwa mkamwana wa watu miaka kumi na tisa. Usiniulize mimi." Akaingia ndani kuweka chai.

Nimekasirika. Nilitaka baraka au katazo, nimepata chai.

16 Aprili

Naandika barua, naifuta. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne na ilikuwa inamlaumu kila mtu, hadi mvua. Rasimu ya pili ilisema "mapungufu ya kimbinu". Nimeifuta kwa nguvu hadi kitufe kikaingia ndani.

22 Aprili

Nimeituma. Barabarani, saa tatu asubuhi, mama wa vitumbua akinitazama. Ilikuwa na mistari michache. Niliwaandikia wahariri kwamba wanawake 171 kati ya 214 hawakuulizwa wenyewe, kwamba kosa ni langu na si la wasaidizi wangu, kwamba tofauti ya wanaume na wanawake niliyoitangaza haina msingi, na kwamba naomba makala iondolewe. Nikaeleza na sababu, ukutila ni nini, ili mwingine asirudie. Nakala nikampelekea Amidi wa kitivo.

Kabla ya kubonyeza nilifikiria kusubiri siku nane tu, mpaka tarehe thelathini ipite. Nani angejua? Nilisimama na hilo wazo hadi vitumbua vikaiva upande mmoja na kugeuzwa. Halafu nikamfikiria yule mama mkwe aliyepiga magoti. Nikabonyeza. Nikanunua vitumbua sita na kula vyote.

30 Aprili

Nimepeleka maombi hata hivyo. Makala nane, nukuu 158. Godwin ameandika: "Umejikata mguu mwenyewe halafu unaingia mbio." Nimemjibu kwa Kinyakyusa, mbombo ngafu, yaani kazi ni ngumu, akatafute mkalimani.

12 Mei

Jarida limekubali. Makala itabaki mtandaoni ikiwa na neno jekundu juu yake: IMEONDOLEWA. Amidi amepiga simu mwenyewe, kwa upole unaotisha. Maombi yangu yamewekwa kando, na kamati ya maadili itanihoji kwa simu wiki ijayo. "Ulikuwa umebakiza hatua moja, Dokta Mwasambili." Nikasema ndiyo.

Nimelia barabarani, waziwazi, na baiskeli zinapita. Nilikitaka kile cheo. Bado nakitaka.

Na bado wananinukuu. 319. Makala zilizokuwa zimeshaandikwa zinaendelea kutoka.

15 Mei

Nimekwenda kwa mzee Aliko kuomba ruhusa ya kuwahesabu wanawake upya, wao wenyewe, kwenye uwanja wa kupuria, bila mwanamume yeyote. Nilijiandaa kwa hotuba ndefu. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Miaka ile nilikujibu kwa sababu uliniuliza mimi." Halafu akasema wazee wenzake atawaambia yeye wakae nyumbani siku hiyo. Akanipa papai.

20 Mei

Barabarani tangu asubuhi mpaka saa nane kwa ajili ya kamati ya maadili. Waliniuliza maswali thelathini na moja. Nimerudi nimechoka, mama naye alikuwa amejilaza. Hatukupika.

24 Mei, Ngonga

Wanapura mpunga. Uwanja una vumbi la makapi na wanawake ishirini na watatu, na hakuna suruali hata moja kwa upeo wa macho. Mama alikuja nami kwa sababu wengi ni mabinti wa rafiki zake, na bila yeye wangenipa mpunga wa kupeta badala ya majibu. Nilikaa kwenye gunia. Mmoja mmoja alikuja, akajibu, akarudi kazini. Angetile alikuwa wa kwanza, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi naanguka," na baada ya hapo hakuna aliyenong'ona.

Mpaka saa tisa nilikuwa nimewauliza wote. Tisa wanaanguka. Dickson ameshaandika kuomba dawa, na safari hii jina langu liko chini ya ombi, kwa faida yake au kwa hasara, sijui. Nilikuwa nafunga begi.

"Bado mimi," mama akasema.

Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa turubai na ungo mapajani. Nikamwambia, mama, hii ni ya Ngonga, wewe ni wa Ikolo. Akasema, "Andika."

Nikatoa karatasi nyingine. Nilidhani ananitania, au ananipa moyo. Nikaanza juu kama kwa wengine. Umri? Sitini na saba. Umewahi kuanguka na kupoteza fahamu?

"Ndiyo."

Nikamtazama. Hakuwa anatania. Nikawatazama wanawake wengine, na hakuna aliyeinua kichwa, walikuwa wanapeta tu, na hapo nikafahamu kwamba walikuwa wanajua.

"Tangu lini?"

"Tangu nina mimba yako."

"Mama." Nikashusha kalamu. "Baba mkwe wako alikufa mwaka tisini na tisa."

"Amekufa, ndiyo. Nilikuwa nimeshazoea." Akapuliza makapi kutoka kwenye ungo. "Na wewe ulikuwa umeshakwenda shule. Ukija, unakuja na vitabu. Nikasema mtoto asije akaacha kusoma kwa sababu yangu. Endelea, swali linalofuata."

Swali linalofuata liliandikwa na mimi, miaka minane iliyopita, na ilinibidi nilisome kwenye karatasi kama sijapata kuliona. Mara ya mwisho kuanguka ni lini?

Mama alifikiria kidogo, kwa makini, kama walivyofikiria wote.

"Jumanne," akasema. "Ulikuwa barabarani."

Nikaandika Jumanne, tarehe 20 Mei.